Nani Kasaini? Nembo za Studio za Televisheni na Milio Yake

Hotuba kwa wahariri wa picha na mafundi sauti vijana, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wakubwa wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mlio niliouchezesha sasa hivi bila picha, ule uliomfanya dada pale nyuma aseme "mama yangu!", ni mkubwa kwa umri kuliko karibu wote mliomo humu. Ulianza kusikika mwaka 1965. Ni mlio wa nembo ya Screen Gems, iliyokuwa idara ya televisheni ya kampuni ya filamu ya Columbia kule Marekani, na ulifunga vipindi vyake hadi mwaka 1974. Watoto wa Kimarekani waliokua miaka hiyo waliuogopa sana. Walipokuwa watu wazima wakaipa nembo yenyewe jina la utani, "S ya Jehanamu", na mwaka 2010 Rodney Ascher akaitengenezea filamu fupi ambamo watu wazima na akili zao wanasimulia jinsi sekunde chache za sauti zilivyowakosesha usingizi.

Kwa hiyo dada, usione aibu.

Nimeichagua studio hii kwa makusudi. Imebadilisha majina, wenye mali na milio kwa zaidi ya nusu karne, na kila nembo ilipobadilika, sababu ilianzia kwenye karatasi za biashara, msanifu akafuata baadaye. Mimi nashikilia kwamba nembo ya mwisho wa kipindi ni saini. Ukiisoma vizuri unajua nani alitengeneza, nani ana haki ya kuuza marudio, na wakati mwingine unajua hata nani amefutwa. Nyinyi mnaokaa kwenye kompyuta mkimalizia kazi za watu, mkono wenu ndio unaoweka saini hiyo, na sidhani kama wengi mmewahi kuulizwa iweje.

Tuelewane kwanza kuhusu mahali inapokaa. Miaka ya 1950 na 1960 kipindi cha Marekani kilichopigwa kwa filamu kilisafiri kama mkanda, mara nyingi wa milimita 16, kutoka kituo kimoja cha televisheni hadi kingine. Kituo kiliweza kutanguliza nembo yake, kikaweka matangazo ya sabuni katikati, kikakata hata sehemu ya hadithi ili muda utoshe. Lakini kile kilichounganishwa kwenye mkanda wenyewe, baada ya orodha ya majina, kilikwenda popote mkanda ulipokwenda. Mtazamaji wa mji mdogo hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba kichekesho anachokipenda hakikutengenezwa na kituo chake. Studio zikaitumia nafasi hiyo ndogo mkiani, na kwa kuwa watu wakati huo wanakuwa wameshainuka kwenda jikoni, picha peke yake haikutosha. Ilibidi iwafuate kwa sikio.

Jina Screen Gems awali lilikuwa la idara ya katuni ya Columbia. Idara hiyo ilifungwa katikati ya miaka ya 1940, jina likakaa bila kazi, na mwishoni mwa muongo huo likapewa idara mpya ya televisheni. Studio nyingi kubwa za Hollywood wakati huo ziliidharau televisheni, zikaiona mwizi wa watazamaji. Columbia, ambayo haikuwa tajiri kama wenzake, iliwahi. Nembo za mwanzo zilikuwa za kawaida tu: yule mwanamke wa Columbia mwenye mwenge, na sauti nzito ya mtangazaji ikitaja nani aliyetengeneza kipindi. Hazikumsumbua mtu.

Halafu wakafanya mambo mawili ya kisasa kwa mpigo. Picha wakaipeleka kwa Chermayeff & Geismar, kampuni ya usanifu ya New York ambayo baadaye, mwaka 1986, ilichora pia tausi wa mtandao wa televisheni wa NBC tunayemjua leo. Wakapata nukta moja, na mistari inayokuja kujipinda kuizunguka hadi inakuwa herufi S. Hakuna mwanamke tena, hakuna mwenge. Sauti wakampa Eric Siday.

Siday nitakaa naye kidogo, maana ni mtu wa fani yetu. Alizaliwa London, akawa mpiga fidla, akahamia Marekani na kuingia kwenye muziki wa matangazo. Alikuwa ameelewa jambo ambalo watunzi wenzake walilibeza: kwamba noti tano zilizotungwa vizuri zinaweza kulipa kodi ya nyumba kuliko simfoni. Mwaka 1964 Robert Moog alipowaonyesha wahandisi wa sauti sinthesaiza yake, chombo kinachounda sauti kwa umeme, Siday akawa miongoni mwa wateja wake wa kwanza kabisa. Ndiye aliyetunga tangazo la kahawa ya Maxwell House, ambamo noti zinaigiza kahawa inavyotokota kwenye birika. Mkilisikia mtatabasamu. Mtu huyo huyo, na mlio wa S.

Kwa nini ule wa S ulitisha? Nitasema ninavyoona kama fundi. Sikio la binadamu likisikia sauti huuliza kwanza: imetoka kwenye nini? Tarumbeta unalijua, ngoma unaijua, hata mlango unaolia unaujua. Mwaka 1965 sauti ya sinthesaiza haikuwa na chanzo chochote kichwani mwa mtoto. Ilikuwa sauti isiyo na mwili. Pili, ilikuja baada ya muziki wa furaha. Vipindi vya Screen Gems vilikuwa vichekesho vya kifamilia, mchawi aliyeolewa na mtu wa kawaida, jini wa kike ndani ya chupa, na muziki wao wa kufungia ulikuwa wa kurukaruka. Unakatika ghafla, kimya kidogo, halafu inakuja ile sauti inayopanda ikiyumba, na noti za mwisho zinabaki zikining'inia bila kutua. Hakuna aliyeujenga huo mpito. Kila kipande kilitengenezwa na mtu wake, wakaunganisha kwa gundi. Mhariri yeyote humu anajua matokeo ya kazi ya namna hiyo.

Na tatu ni ubora wa sauti. Kwenye mkanda wa milimita 16 sauti iko kwenye ule mstari mwembamba unaosomwa kwa mwanga pembeni ya picha. Noti za juu zinapotea, mkanda ukichakaa inaingia mitetemo, na spika ya televisheni ya siku zile ilikuwa ndogo, imekaa kwenye sanduku la mbao. Alichokitunga Siday na kilichofika sebuleni havikuwa kitu kimoja.

Mwaka 1974 Columbia ikalistaafisha jina la Screen Gems, idara ikaitwa Columbia Pictures Television. S ikaondoka, mwenge ukarudi, na baadaye miale yake ikachorwa kama jua linalochomoza. Hapo ni sura mpya tu. Kinachonifurahisha ni kilichotokea mwaka 1982. Coca-Cola waliinunua Columbia. Ndiyo, hao hao wa soda. Basi kwa miaka kadhaa, chini ya mwanamke mwenye mwenge, mkiani mwa maigizo ya polisi na ya mapenzi, pakawa na mstari wa maandishi madogo ukisema kwamba studio hii ni kitengo cha The Coca-Cola Company. Baadaye wakawa hata na kampuni ndogo ya vipindi iliyobeba jina la Coca-Cola lenyewe. Mtazamaji aliyekuwa makini angeweza kujua hali ya soko la hisa la New York kwa kusoma mikia ya vipindi.

Mwaka 1989 Sony wakainunua kwa dola bilioni 3.4. Mwaka 1994 mwenge ukaunganishwa na farasi mwenye mabawa wa TriStar, studio dada yake, ikawa Columbia TriStar Television. Mwaka 2002 majina yote mawili yakaondolewa, ikabaki Sony Pictures Television. Miaka hii ya mwisho naipitia haraka kwa sababu, kwa masikio yangu, ndipo milio ilipoanza kuwa ya kamati. Inang'aa, haina kosa, na ukiisikia huwezi kuiimba.

Sasa angalieni kilichofanyika kwa kazi za zamani. Kipindi cha mwaka 1966 kinarudiwa mwaka 1990. Mkiani kuna S ya Screen Gems, lakini kampuni yenye jina hilo haipo tena. Msambazaji mpya anaikata, anabandika ya kwake. Likija jina jingine, linabandikwa juu ya lile. Hivyo ndivyo S ikawa adimu, ikabaki kwenye mikanda iliyosahauliwa ghalani na kwenye kanda za video za watu binafsi, na ndiyo maana wako watu wazima kule waliozitafuta hizo nakala kama wengine wanavyotafuta sarafu za Mjerumani. Wanahistoria wa televisheni wana deni kwao. Tarehe gani mwenye mali alibadilika, nakala ipi ilitoka kwa nani, mambo hayo mara nyingine unayapata mkiani mwa mkanda kwa urahisi kuliko ofisini.

Hayo hayakutokea Columbia peke yake. Desilu, studio ya Lucille Ball na Desi Arnaz, iliuzwa mwaka 1967 kwa kampuni ya Gulf+Western waliokuwa na studio ya Paramount, na ukitazama Star Trek, tamthilia ya safari za angani, ya miaka ile kwa mfululizo utaona mkia wake ukihama, kwanza Desilu, halafu Paramount, huku kapteni ni yule yule na chombo ni kile kile. Lakini mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu ya sheria ni Viacom, na huu naomba muusikilize.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, mitandao mitatu ya Marekani, yaani ABC, CBS na NBC, ilikuwa na nguvu ya kutisha. Ukitaka kipindi chako kionekane nchi nzima, unapita kwao, na wao wanadai sehemu ya umiliki na haki ya kuuza marudio. Mwaka 1970 tume ya mawasiliano ya nchi ile ikapitisha kanuni: mtandao usiwe na hisa kwenye kipindi cha jioni usichokitengeneza, na usifanye biashara ya kuuza marudio. CBS ikalazimika kukitenga kitengo chake cha kuuza marudio kiwe kampuni inayojitegemea. Mwaka 1971 kampuni hiyo ikaanza maisha yake, jina lake Viacom. Miaka michache baadaye ikajitengenezea nembo ambayo herufi V kubwa inamjia mtazamaji kutoka mbali, na mlio mzito wa sinthesaiza na ngoma. Watoto wakaiogopa nayo, wakaiita "V ya Maangamizi". Marekani walikuwa na kipaji cha kutisha watoto kwa herufi.

Kanuni ile ilifutwa miaka ya 1990. Mwaka 2000 Viacom ikakamilisha kuinunua CBS. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani akarudi kumnunua mzazi, na mtaji wake ulikuwa umekuzwa na marudio ya vipindi vya zamani, vile ambavyo kila kimoja kilikuwa na ile V mkiani. Nawaambieni haya kwa sababu hapa kwetu marudio yanachukuliwa kama kitu cha kujazia muda usiku wa manane. Hatuyapigii hesabu.

Kanuni hiyo ya 1970 ilizaa jambo jingine zuri. Kampuni ndogo zinazojitegemea zikapata nafasi ya kupumua, na kampuni ndogo zinapokuwa na mali yake zinapenda kusaini kwa mwandiko wake. Mary Tyler Moore na mumewe wa wakati huo, Grant Tinker, walianzisha kampuni ya vipindi ya MTM. Badala ya simba wa studio ya filamu ya MGM anayenguruma wakaweka paka mdogo wa rangi ya chungwa, jina lake Mimsie, ambaye analia "nyau" mara moja. Basi. Paka yule akawa anavalishwa kulingana na kipindi. Kwenye igizo la polisi alivaa kofia ya polisi, kwenye lile la hospitali alivaa nguo za chumba cha upasuaji. Na igizo hilo la hospitali, St. Elsewhere, lilipofikia mwisho wake mwaka 1988, Mimsie akaonyeshwa amelala ameunganishwa na mashine, majina yakapita, na mashine ikaonyesha mstari ulionyooka. Watu walilia kwa ajili ya nembo! Mniambie ni tangazo gani la mamilioni limewahi kufanya hivyo.

Jack Webb, aliyetengeneza igizo la polisi la Dragnet, alisaini kwa nyundo. Mikono miwili, patasi, inagongwa mara mbili kwenye bamba, linatokea VII la kampuni yake, Mark VII. Nyundo tu, na ukiisikia kutoka jikoni unajua kesi imekwisha. Stephen J. Cannell, mwandishi, alionekana mwenyewe akipiga taipureta, anaichomoa karatasi, anairusha, inageuka kuwa herufi C, kwa muziki wa Mike Post. Gary David Goldberg alitumia picha ya mbwa wake Ubu, na sauti inayomwambia mbwa akae, kisha inamsifu, kisha mbwa anabweka. Hizi ninazipenda kuliko zote, na si kwa kuwa zina ufundi mkubwa. Ukizisikia unajua kuna mtu.

Kisha ikaja fasheni ya kubana. Mwaka 1994 NBC walianza kuyasukuma majina ya mwisho pembeni mwa kioo na kujaza nafasi kwa matangazo ya kinachofuata, ili mtazamaji asipate muda wa kushika rimoti. Wengine wakafuata. Milio ikazimwa au ikafunikwa na sauti ya mtangazaji.

Mwaka huo huo, 1994, ndio Tanzania Bara ilipopata televisheni yake, vituo vya CTN, DTV na ITV. Wenzetu wanaanza kuifunika saini, sisi ndio kwanza tunafungua daftari.

Lakini sikio letu halikuanza mwaka huo, na hapa huwa nabishana na wanaosema hatuna historia ya mambo haya. Waliokulia na Radio Tanzania Dar es Salaam wanaijua ile ngoma ya kabla ya taarifa ya habari. Ni ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyekuwa akizipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga peke yake. Ngoma zile zilipolia, barazani watu walinyamaza. Haikuhitaji maneno, wala mtangazaji kutaja jina la kituo. Na haikuwa imenakiliwa London wala New York. Kule NBC wana noti zao tatu za kengele, zilizoanza redioni mwishoni mwa miaka ya 1920 na kusajiliwa mwaka 1950 kama alama ya biashara ya sauti, ya kwanza ya aina hiyo nchini mwao, na wanasomesha watu vyuoni kuhusu noti hizo. Ngoma za Mzee Morris tunazisoma wapi?

Zanzibar walitutangulia kwa televisheni, ya rangi tena, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wakazi wa Dar es Salaam wenye uwezo walikuwa wanazielekeza antena zao baharini kuwinda picha za TVZ, chenga nyingi, picha kidogo. Wengine tuliijua mikia ya vipindi vya nje kupitia kanda za video na vibanda umiza, ambako mwenye kibanda alikuwa anairudisha kanda nyuma kabla hata majina hayajaanza, maana foleni ya wanaosubiri mpira iko mlangoni. Kwa hiyo tuliziona nembo za mbele, simba, mwenge, mlima wenye nyota. Mkia hatukuuzoea. Nadhani mazoea hayo yameingia kwenye kazi zetu. Filamu za Kibongo za enzi ya DVD zilikuwa na nembo ya msambazaji mwanzoni, kubwa, inazunguka, inatoa moto. Anayesaini mwanzoni alikuwa muuzaji. Aliyeandika hadithi, aliyeshika kamera na aliyekesha akihariri walikuwa wanapita mkiani kwa kasi ambayo hata mama zao hawakuwahi kusoma.

Sasa mambo yamebadilika. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ving'amuzi vimeongezeka, vituo vimeongezeka, na tamthilia za Kiswahili zinanunuliwa na kuoneshwa kila siku ya wiki. Mtaani kuna kampuni za uzalishaji Sinza, Kinondoni, Tabata, Mbezi. Nazisikiliza nembo zao. Samahanini, nitasema ukweli: nyingi ni moja. Ni ile templeti ya mtandaoni, chembe za dhahabu zinaruka, upepo unapita "fwuuu", halafu kishindo "buum". Mwaka jana niliisikia kwenye tamthilia ya mapenzi, kwenye mahubiri na kwenye tangazo la viwanja Kigamboni. Kijana ametafuta mkopo, amelipa waigizaji, amepata kibali, halafu mwisho wa kazi anasaini kwa jina la mtu asiyemjua aliyeko bara jingine.

Na haihitaji fedha nyingi. Ule mlio wa Netflix wa "tudum" mnaoujua wote uliundwa na Lon Bender, na ndani yake kuna sauti ya pete yake ya ndoa akiigonga kwenye kabati la pembeni ya kitanda. Waliwahi kufikiria kumalizia na mlio wa mbuzi. Mbuzi! Wakamwacha. Hapa Dar es Salaam, jiji lenye kengele ya muuza koni, kondakta anayegonga bati la daladala, honi ya pantoni ikikaribia Kigamboni, mtu anakosaje sauti yake?

Ila ukiipata, kuna mambo mawili.

La kwanza ni la spika. Watazamaji wenu wengi wana simu, na spika ya simu haitoi besi. Kile kishindo mnachokipenda kinasikika studio tu. Kwenye simu ni kimya kinachotikisika. Mlio wenu uwe na kitu katikati, pale inapokaa sauti ya mtu anapozungumza, ili ufike kwenye simu, kwenye televisheni ya baa yenye kelele, na kwenye zile za chogo ambazo bado zipo uswahilini. Halafu sikilizeni kinachotangulia. Msifanye kosa la Screen Gems la kubandika bila mpito, labda kama mnataka kutisha watoto.

La pili ni la karatasi, na hapa nina uchungu. Namfahamu kijana, kampuni siitaji, aliyetunga mlio wa kufungia tamthilia. Alilipwa mara moja, hela ya kula wiki. Mlio unapigwa mpaka leo, umeingia kwenye matangazo, umeingia kwenye milio ya simu. Hana hata ujumbe wa WhatsApp unaosema alikubaliana nini. Linganisheni na David Dundas. Channel 4 ya Uingereza ilipoanza kurusha tarehe 2 Novemba 1982, vipande vya rangi vilikuwa vinaruka na kuungana kuwa namba 4, na Dundas akavipa noti nne tu. Noti nne! Lakini haki zilibaki zake, na kila zilipopigwa alilipwa. Zilipigwa siku nzima, kwa miaka.

Sheria yetu ya alama za biashara, ya mwaka 1986, inazungumzia alama inayoonekana kwa macho. Kwa hiyo ukienda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mchoro wa nembo yako utahudumiwa, lakini mlio peke yake hauna mlango pale. Mlango wake ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Inaulinda muziki na rekodi ya sauti tangu pale unapoumbwa, na kwa mtunzi ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ni muda mrefu. Wajukuu wako wanaweza kula kwa "buum" lako, lakini uwe umeandikiana. Andika nani mtunzi, nani amepewa ruhusa ya kutumia, kwa kipindi kipi, kwa muda gani, na ikihamia kwenye tangazo au kituo kingine inakuwaje. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha. Weka sahihi, weka tarehe, piga picha, jitumie kwenye barua pepe.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Walioleta milio yao kwenye flashi wazipeleke kwa fundi pale kushoto. Tumeweka spika mbili, kubwa ya studio na simu ya bei rahisi niliyoinunua Kariakoo. Tutaanza na simu.